Kumbukumbu zetu tusiziachie radi

Alasiri ya Kericho ina desturi yake. Asubuhi jua huwaka hadi mtu anaacha koti nyumbani, kufikia saa saba mawingu yamerundikana, na mara nyingi wachumaji huwa bado hawajafikisha majanichai kituoni anga inapoanza kunguruma. Unyevu wa Ziwa Victoria hupandishwa na upepo wa mchana, ukakutana na hewa baridi ya nyanda za juu, na matokeo yake tunayajua wote kuanzia Londiani hadi Kapkoros: radi, na baada ya radi, mawe. Eneo letu, pamoja na Nandi Hills, limetajwa kwa miongo mingi miongoni mwa yale yanayopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Katika miaka ya 1960 kulikuwa na miradi ya kutumia roketi na ndege ili kuyavuruga mawingu hayo yasiharibu chai. Mwaka 1982 mwanasayansi Russell Schnell na mwenzake wakachapisha utafiti ulioonyesha kwamba majani makavu yanayooza chini ya michai yana chembechembe zinazoweza kuanzisha barafu. Yaani huenda shamba lenyewe linachangia mawe yanayolipiga.

Hasara ya majani hukadiriwa kwa kilo na kwa shilingi. Lakini radi hiyo hiyo huleta hasara nyingine ambayo haihesabiwi na mtu: faili zinazokufa ndani ya nyumba zetu, shule zetu, makanisa yetu na ofisi ndogo za Litein, Sotik, Silibwet na Mulot. Mafundi wa kompyuta wa miji hii wanaujua msimu wa mvua kwa wingi wa mashine zinazoletwa mezani kwao. Wenye mashine huulizia bei ya kutengeneza. Swali la pili ndilo linalouma: “Na vitu vyangu vilivyokuwa ndani?”

Msimamo wangu ni huu: mtu mwenye nakala moja ya kumbukumbu, ndani ya mashine moja, katika nyumba moja, hajaweka akiba yoyote. Na kwa kuwa hapa kwetu mashine moja hubeba mambo ya watu mia, jambo hili tusiliache kuwa la mtu binafsi na bahati yake.

Tuanze na stima, maana ndiyo chanzo kikubwa zaidi. Radi si lazima iangukie nyumba yako. Ikipiga nguzo au nyaya umbali wa kilomita kadhaa, mshtuko wake husafiri ndani ya waya, ukaingia kupitia soketi, au kupitia kebo ya antena ya televisheni. Hata pasipo radi, stima ikipotea na kurudi ghafla inaweza kurudi na nguvu isiyo ya kawaida, na kompyuta iliyokuwa katikati ya kuandika faili ikaharibu ile faili, wakati mwingine diski nzima. Kile kifaa cha kulinda friji ambacho wengi tumekichomeka ukutani kinasaidia stima inapopanda na kushuka, kwa kuwa hukata na kuchelewesha inaporudi, lakini hakina uwezo wa kuzuia radi. Kinga ya kweli ni kuchomoa. Anga ikianza kunguruma, chomoa kompyuta, chomoa chaja ya laptopu, chomoa na kebo ya antena. Mwenye uwezo anunue betri ya akiba ya kompyuta ya mezani, ile inayokupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima mashine kwa utaratibu. Tulikumbushwa Agosti 25, 2023, pale karibu nchi nzima ilipoingia gizani usiku mmoja, kwamba stima kupotea si shida ya vijijini peke yake.

Kuchomoa hulinda mashine. Kumbukumbu zinahitaji zaidi ya hapo, kwa sababu zina maadui wengi: mwizi, chai iliyomwagika, mtoto, ukungu wa unyevu wetu wa mwaka mzima, kirusi, na uzee wa diski yenyewe.

Katika saiba moja ya Litein niliwahi kukaa nikisubiri mvua ipungue, nikamwona mama mmoja, katibu wa chama cha akina mama, akitoa laptopu ndani ya mfuko wa nailoni aliouzungushia leso. Fundi, kijana wa umri wa mwanawe, aliitoa diski akaiunganisha na mashine yake, kisha akaitegea sikio.

“Mama, unasikia inavyogonga?”

“Nasikia. Itapona?”

“Hiyo ni sindano inayosoma. Imeangukia sahani. Nikiiwasha tena na tena inazidi kukwaruza. Hivi vitabu vya chama hamkuvitoa kwa karatasi?”

Mama akasema walitoa vya mwaka juzi. Vya karibuni vilikuwa humo ndani, na nakala yake ilikuwa kwenye flashi. Flashi iko wapi? Iko kwenye mkoba wa laptopu, na mkoba ulilowa siku ile ile.

Sauti ile ya kugonga ndiyo ya kuogopa kuliko zote. Ndani ya diski ya kawaida kuna sahani zinazozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na juu yake kichwa kidogo kinachoelea bila kugusa. Kikigusa, kinakwangua pale pale kumbukumbu zilipoandikwa. Kila mara mtu anapoizima na kuiwasha akitumaini itakubali, anaongeza mikwaruzo. Kazi ya kuokoa diski ya namna hiyo hufanywa katika chumba kisicho na vumbi, na wataalamu wenye vifaa hivyo ni wachache na ghali. Kwa chama cha kuchangishana mia mbili mia mbili, mlango huo umefungwa. Diski za kisasa zisizo na sahani hazigongi. Hizo zinaweza kufa kimya: leo zipo, kesho kompyuta inasema haioni kitu.

Lazima niseme neno kali juu ya flashi, kwa kuwa ndiyo tegemeo la walimu na wanafunzi wetu. Flashi ni chombo cha kubebea, haikuundwa iwe ghala. Kumbukumbu zake ni chaji ndogo za umeme zilizofungiwa, na ikikaa kabatini miaka bila kuchomekwa chaji hizo hupungua. Isitoshe, sokoni zimejaa flashi za uongo: imeandikwa giga 64 kumbe ndani ni giga 8, imechezewa ili idanganye kompyuta. Utanakili picha za harusi nzima, majina ya faili yote utayaona, lakini ukifungua, zilizozidi kipimo cha kweli hazipo. Na flashi inayozunguka kutoka saiba hadi saiba kuchapisha mitihani hurudi na virusi, hasa kile kinachoficha mafolda na kuacha njia za mkato tupu. Mwalimu anadhani kazi yake imefutika, anaifomati flashi, na hapo ndipo anapoifuta kweli.

Sasa tujiulize tunalinda nini, kwa maana si kila kitu kina uzito sawa. Taarifa ya M-Pesa unaweza kuiomba upya. Rekodi zako za kodi ziko KRA. Kilo za majani uliyopeleka zimo katika mfumo wa kiwanda, tangu mizani ya kielektroniki ilipochukua nafasi ya ile ya kuning'inia, ingawa ningemshauri kila mkulima apige picha risiti zake, kwa kuwa siku ya kubishania bonasi mwenye karatasi ndiye anayesikilizwa. Hizi zina mahali pengine pa kuanzia. Zisizo na pa kuanzia ni zile ulizozitengeneza mwenyewe: vitabu vya chama, maandalio ya mwalimu ya miaka kumi, tasnifu ya kijana aliye Chuo Kikuu cha Kabianga, orodha ya wanakwaya na michango ya kanisa, picha za marehemu. Na juu ya hizo zote naweka sauti za wazee.

Vijana wengi wa Kipsigis siku hizi wanawarekodi babu na bibi zao kwa simu. Wanauliza juu ya ukoo, juu ya nyimbo za kale, na juu ya ardhi: nani aliishi wapi kabla michai haijapandwa. Hilo la mwisho si la kupitishia muda. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria mahususi ya kuwaondoa watu wa ukoo wa Talai, ikawapeleka Gwassi, mbali kabisa na nyumbani kwao Kericho. Madai ya ardhi ya Wakipsigis na Talai yamefika mbele ya Tume ya Taifa ya Ardhi na mbele ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa, na yamesimama juu ya nguzo mbili: nyaraka za kikoloni na kumbukumbu za wazee. Nyaraka tunajua zilivyotendewa. Waingereza walipokuwa wakifunga virago mwaka 1963 waliteketeza nyingi na kusafirisha nyingine, na mafaili yapatayo 1,500 ya Kenya yalikaa Uingereza bila kujulikana na umma hadi 2011, wazee wa Mau Mau walipokuwa wameipeleka serikali hiyo mahakamani London. Kwa hiyo nguzo ya pili, ile ya sauti za wazee, ndiyo iliyo mikononi mwetu wenyewe. Na tumeiweka wapi? Kwenye simu moja yenye kioo kilichopasuka, iliyojaa hadi inaomba ifutiwe video ili ipate nafasi.

Mzee wa miaka tisini hutamrekodi mara mbili. Hili ndilo linalonifanya niandike kwa uchungu. Wengine walituchomea karatasi zetu kwa makusudi. Sisi sauti zetu tunazipoteza kwa kutonunua diski.

Utaratibu wa kuzuia hasara hii ni wa zamani na unaeleweka. Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, aliueneza kwa hesabu rahisi iliyoshika duniani kote: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikae mahali pengine. Kwa nyumba ya Konoin au Ainamoi hiyo ina maana hii. Nakala ya kwanza ni ile unayofanyia kazi, kwenye laptopu au simu. Ya pili iko kwenye diski ya nje, uliyoinunua kwa muuzaji unayeweza kumrudia, nayo huchomekwa wakati wa kunakili tu kisha ikachomolewa. Ikibaki imechomekwa, radi itaziunguza zote mbili kwa pamoja, au kirusi cha kudai fidia, kama kile kilichoenea katika nchi zaidi ya 150 Mei 2017, kitazifunga zote mbili kwa pamoja. Ya tatu iwe mbali kiasi kwamba moto wa nyumba hauwezi kuifikia: kwa dada yako aliyeolewa Kisii, kwa mwanao Nakuru, au mtandaoni.

Neno “mbali” tulitilie mkazo, kwani hata wakubwa wa teknolojia wamewahi kulipuuza. Machi 10, 2021, jengo moja la kampuni ya OVH huko Strasbourg, Ufaransa, liliteketea. Baadhi ya wateja walikuwa na nakala za akiba, ila nakala zenyewe zilikuwa katika eneo lile lile, zikaungua pia. Septemba 26, 2025, moto wa betri ulizuka katika kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon, ukaangamiza hifadhi ya watumishi wa umma yenye terabaiti 858. Hifadhi hiyo haikuwa na nakala nje ya kituo, kwa hoja kwamba ilikuwa kubwa mno. Ikiwa nchi yenye utajiri na intaneti ya namna ile iliweza kupoteza kazi ya miaka kwa kosa hilo, mama wa Litein aliyeweka flashi kwenye mkoba wa laptopu asichekwe na mtu.

Kuhusu mtandaoni, naunga mkono, kwa tahadhari. Google hutoa giga 15 bure, zinazogawanywa kati ya barua pepe, picha na faili nyingine. Kwa maandishi na vitabu vya chama hizo ni nyingi mno, hutazimaliza. Kwa video za mazishi zitaisha mapema, hivyo anza na vile vidogo vyenye thamani: maandishi, sauti, picha teule. Sauti ya saa nzima ya mzee ni nyepesi kuliko video ya dakika chache, na inapanda kwa bando dogo usiku mtandao ukiwa mwepesi. Tahadhari ya kwanza ni kwamba huduma inayooanisha simu yako na mtandao hufuata unachofanya: ukifuta picha kwenye simu inaweza kufutika na kule, kwa hiyo oanisho peke yake lisihesabiwe kuwa akiba. Tahadhari ya pili tuliipata Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipokatika upande wa Afrika Kusini na intaneti ya Afrika Mashariki ikayumba kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na kila kitu mtandaoni alikaa akitazama kiduara kikizunguka. Aliyekuwa na diski pia aliendelea na kazi.

Nije sasa kwa wale wanaoshika kumbukumbu za wengine, kwa kuwa hapa maneno matamu hayatoshi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 wengi huijua kwa habari ya siri: usitoe namba ya mtu, usiweke picha yake kwenye tangazo bila idhini. Kifungu chake cha 41 kinakwenda mbali zaidi. Kinamtaka anayeshughulikia data za watu awe na uwezo wa kuzirejesha kwa wakati pakitokea ajali, iwe ya kimwili au ya kiufundi. Kupoteza nako ni kosa la ulinzi. Hospitali, shule ya kibinafsi, sacco, zote zinaguswa hapo, na mhasibu anayeweka hesabu za wanachama elfu moja kwenye laptopu yake ya nyumbani anapaswa kuulizwa swali hilo kwenye mkutano mkuu, tena kabla ya ajenda ya gawio.

Saiba nazo zina la kujibu. Keti kwenye kompyuta ya saiba yoyote ya mjini uangalie desktopu yake: vitambulisho vya watu usiowajua, vyeti vya KCSE, barua za kazi, vyote vimeachwa pale tangu siku vilipopigwa skani. Mteja anaondoka bila nakala yake, na mgeni anayefuata anaikuta. Pale pale mtu mmoja anapoteza na mwingine anavujiwa. Mwenye saiba anayejali angefanya mambo mawili: kumtumia mteja faili yake kwa barua pepe kabla hajasimama, na kufagia kompyuta kila jioni. Akipenda, aifanye kuwa huduma ya kulipiwa, kunakili laptopu ya mtu kwenye diski yake na kumwandikia tarehe. Ningeilipia bila kusita, na naamini walimu wangeilipia.

Viwanda vya chai na sacco zao vina nafasi kubwa zaidi. Vina stima ya uhakika kuliko sisi, vina jenereta, vina ofisi zenye kufuli, na kila mwezi vinakutana na wakulima. Kiwanda kinachoweza kumkopesha mkulima mbolea kwa makato madogo kinaweza kumkopesha diski kwa njia hiyo hiyo. Maktaba za umma na taasisi za ufundi zingeweza kupokea sauti za wazee, zikaweka nakala kwa idhini ya familia, zikaandika jina la mzee, kijiji na siku ya mazungumzo. Serikali za kaunti zetu zinazungumza kila mwaka juu ya utamaduni na juu ya dijitali, kila moja katika wizara yake; hapa wizara hizo zingekutana katika kazi moja.

Jambo moja hupuuzwa hata na walio makini: kujaribu. Nakala ambayo hujawahi kuifungua ni tumaini tu. Kabla mvua ya masika haijaanza mwezi wa tatu, chukua diski ya akiba, uichomeke kwenye kompyuta nyingine, si ile yako, ufungue faili chache za miaka tofauti. Sikiliza sauti ya mzee mwanzo hadi mwisho. Ikigoma, umeligundua mapema, nakala ya kwanza ingali hai. Diski yenyewe iwekewe nywila, kwa sababu mwizi akiichukua asipate na vitambulisho vya familia nzima humo ndani.

Nywila nayo ina hatari yake. Familia nyingi zimezika mtu na kuzika pamoja naye mlango wa picha zake zote. Laini yake ikinyamaza muda mrefu, kampuni ya simu inaweza kumpa mtu mwingine namba ile, na msimbo wa kuingia kwenye akaunti ukawa unatumwa kwa mgeni. Tangu Desemba 2023 Google nayo imeanza kufuta akaunti za kibinafsi zisizotumika kwa miaka miwili. Humo humo kwenye mipangilio ya akaunti kuna sehemu ya kumtaja mtu atakayefikishiwa data zako ukinyamaza kwa muda uliouchagua. Ijaze. Nywila ya diski iandike kwenye karatasi, uitie kwenye bahasha ile ile yenye hati ya shamba, kisha mwambie mmoja wa wanao bahasha iko wapi na nakala ya tatu iko kwa nani.